Fedha ya Bibi Mikononi mwa Sonara

Reale ya Maria Theresa ina uzito wa gramu 28 na ushei. Katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, 833 ni fedha halisi, na karibu zote zilizobaki ni shaba. Upande mmoja yumo malkia mnene aliyejifunika shela, upande wa pili tai mwenye vichwa viwili, na mwaka ulioandikwa ni 1780 hata kama sarafu yenyewe iligongwa miaka 150 baadaye. Huo ndio mwaka aliofariki malkia huyo wa Austria, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na Bahari ya Hindi walikwisha kuizoea sura yake, wakawa hawaamini nyingine. Walihesabu hata lulu za kishikizo begani mwake kabla ya kuipokea. Basi Vienna ikaendelea kuigonga kwa mwaka uleule, na katika karne ya ishirini Roma, London na Bombay nazo zikaigonga. Kwa reale hizo ilinunuliwa kahawa ya Yemen, na Unguja zikalipiwa pembe za ndovu na karafuu.

Kwa reale hizohizo sonara wa pwani alifua vikuku, mafurungu, mikufu, vipini vya pua na vijaluba vya kutilia hirizi. Fedha yake haikumjia kutoka mgodini. Ilikuja na jahazi ikiwa sarafu, ikapita mikono mingi sokoni, ikalala ndani ya kasha, na binti alipochumbiwa ikapelekwa kwa fundi ikapimwe. Oman mambo yalikuwa hayohayo. Sehemu kubwa ya fedha iliyomo kwenye majambia na mikufu ya zamani ya huko ilianza maisha yake ikiwa reale, na mara nyingi mwanamke alipofariki vito vyake viliuzwa kwa uzito, vikaingia motoni, vikatoka vikiwa mali ya bibi arusi mwingine.

Leo vito vya fedha iliyoyeyushwa upya vinauzwa Ulaya na Marekani kwa sifa ya kutunza mazingira, na sifa hiyo ni ya haki. Fedha nyingi inayochimbwa duniani haitoki kwenye migodi ya fedha peke yake. Hutoka pamoja na risasi, zinki, shaba na dhahabu, na kuipata kunataka mawe mengi yasagwe na kuacha mabwawa ya tope lenye sumu, ambayo hubaki pale miaka mingi baada ya mgodi kufungwa. Gramu iliyotoka kwenye mkufu uliokatika haidai lolote katika hayo. Lakini nikiwatazama masonara wa Lamu wakiwa kazini, kinachonivuta zaidi ni elimu inayotakiwa ili fedha kuukuu igeuke tena kitu cha kuvaliwa. Fedha mpya hununuliwa ikiwa na kiwango chake kinachojulikana. Fedha kuukuu huja na yote yaliyoipata njiani, na sonara hana budi kuyagundua kabla hajawasha moto.

Anayepita Usita wa Mui, ile barabara kuu nyembamba ya mji wa kale wa Lamu, huyaona maduka yao: kabati la kioo mbele, na nyuma yake fundi aliyeinama juu ya meza iliyochakaa, tupa na koleo zimetapakaa upande wake wa kulia. Mteja humwaga juu ya kioo yaliyomo mfukoni: mkufu uliokatika, herini iliyopoteza mwenzake, kijiko, sarafu mbili tatu za marehemu babu. Hapo kazi imekwisha kuanza. Sonara hukiinua kila kitu na kukipima kiganjani kabla ya kukitia kwenye mizani, kwa sababu mkono uliozoea huusikia uzito wa fedha. Hupitisha sumaku; kinachonasa si fedha, au kimefichwa chuma ndani. Kisha hukwaruza mahali pasipoonekana kwa ncha ya tupa, maana vitu vingi vimechovywa fedha juu tu, na chini ya ngozi hiyo kuna shaba au nikeli. Halafu hukisugua kwenye jiwe jeusi, kibaki na mstari, na juu ya mstari ule hudondosha tone la asidi ya nitriki. Fedha nzuri huacha weupe wa tui. Ile inayoitwa fedha ya Kijerumani, ambayo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki usio na fedha hata chembe, hutoa povu la kijani.

Sarafu nazo zina tabia zake, na fundi aliyekomaa anazijua bila kufungua kitabu. Rupia ya India ya wakati wa ukoloni ina uzito wa tola moja, yaani gramu 11.66, na fedha yake ni 917 kwa 1,000. Ni safi kuliko reale. Rupia ya Wajerumani waliotawala Tanganyika ilifuata uzito na kiwango hichohicho. Shilingi ya Afrika Mashariki ya kabla ya 1948, yenye simba na milima, ina fedha robo tu, na ile iliyofuata haina kabisa. Anayeziyeyusha zote pamoja kwa kuwa zinang'aa atapata fedha duni iliyojaa shaba. Reale moja na rupia moja zikiyeyushwa pamoja hutoa fedha ya 858 hivi, na hiyo inafulika vizuri. Lakini akitaka kuipandisha reale moja hadi 925, kiwango ambacho wanunuzi wengi wa nje wanakitambua, atalazimika kuongeza gramu 34 za fedha safi, zaidi ya uzito wa reale yenyewe. Kwa hiyo kuna vito vizuri ambavyo haviwezi kugongwa muhuri wa 925, na sonara mwaminifu humwambia mteja wazi kwamba hii ni fedha ya reale. Mimi namwamini zaidi anayesema hivyo kuliko anayegonga muhuri juu ya kila kitu.

Adui mkubwa kuliko shaba ni risasi. Mkufu ulipokatika, wengi waliona ni kazi ndogo, wakaupeleka kwa fundi redio, naye akauunga kwa lehemu aliyokuwa nayo, ile ya bati na risasi inayoyeyuka kwa joto dogo. Siku hiyo ulipona. Lakini mkufu huo ukiingia kwenye chungu pamoja na fedha nyingine, tone moja la risasi linatosha kuharibu yote. Fedha hiyo ikigongwa nyundo hupasuka badala ya kutanuka, na ikipashwa moto hutoboka vishimo, kwa kuwa risasi na bati huila fedha mara tu joto linapopanda. Nimemwona fundi akikaa na mkufu mmoja, lenzi jichoni, akikagua kiungo kimoja baada ya kingine. Kila alipoona donge la rangi ya kijivu kwenye maungio, rangi iliyofifia kuliko fedha inayolizunguka, alilikata lote, na kipande kizima cha pande zote mbili, akakitenga kwenye kopo lake. Ulikuwa mkufu wa gramu chache tu. Hakuna mteja ambaye angejua kama angeacha donge moja. Yeye alijua, na angelijua zaidi kesho nyundo ikiwa mkononi.

Kisha ndipo moto. Chungu cha kuyeyushia ni kidogo, cha udongo unaostahimili joto, na kabla ya kutumika mara ya kwanza hupakwa boraksi ndani na kupashwa mpaka boraksi iyeyuke na kukivika koti la kioo. Fedha safi huyeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi. Iliyochanganyika na shaba huyeyuka mapema zaidi. Vipande huanza kwa kuwa vyeusi, halafu vyekundu, kisha kingo zake hulegea na vinalaliana. Ghafla mkufu, kijiko na sarafu vinapoteza maumbo yao na kuwa tone moja linalotetemeka. Hapo sonara hunyunyiza boraksi tena. Boraksi hushika uchafu na kutu ya shaba na kuvisukuma pembeni, na uso wa fedha unafunguka, mweupe, unaozunguka wenyewe chini ya mwali. Hukoroga kwa ufito wa grafaiti ili madini yachanganyike sawasawa, na wakati mwingine huweka kipande cha mkaa juu yake.

Mkaa ule una kazi kubwa. Fedha iliyoyeyuka hunywa hewa ya oksijeni, takriban mara 20 ya ujazo wake, na inapoganda huitapika yote. Ikiganda vibaya hurusha matone na kubaki na vinundu na matundu ndani, matundu ambayo huonekana baadaye sana, pete inapokuwa karibu kwisha. Mkaa huila oksijeni ile kabla haijaingia. Wapo waliojifunza hili shuleni na wapo waliolirithi kwa baba bila kusikia neno oksijeni, na wote wawili huweka mkaa.

Kalibu ya chuma imekwisha kupashwa moto na kupakwa mafuta. Kalibu baridi huishtua fedha. Yenye unyevu ni hatari, maana maji hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha fedha usoni mwa fundi. Kusubu kunachukua muda mfupi kuliko kukusimulia. Mkono mmoja unashika chungu kwa koleo, mwingine unaufuata na mwali ili fedha isigande mdomoni, na tone lote linashuka kwa mfululizo mmoja usiokatika. Likikatika, kipande kitakuwa na mshono ndani yake na itabidi kirudi motoni. Fundi hapumui mpaka chungu kiwe kitupu. Kinachotoka kwenye kalibu ni mche mfupi wa kijivu, mzito, wenye mafuta yaliyoungua, na mteja asiyezoea hukata tamaa anapouona.

Kuanzia hapo ni nyundo. Fedha hukubali kufuliwa kwa kiasi, kisha hukaza. Sauti ya nyundo hubadilika, inakuwa kali zaidi, na fundi akiendelea kupiga baada ya sauti ile kingo zitapasuka. Kwa hiyo huiacha nyundo na kuirudisha fedha kwenye moto ilainike. Joto linalotakiwa ni la wekundu hafifu tu, nyuzi 600 na kitu, na wekundu huo hauonekani kwenye jua. Ndiyo sababu meza ya moto huwekwa kwenye kona ya giza ya duka, jambo ambalo wageni huliona ni umaskini wa taa. Fundi anahitaji giza lile ili ayaone macho ya moto. Fedha ikifikia rangi yake huondolewa, hutumbukizwa majini, halafu kwenye maji ya asidi au ya shabu ili ngozi nyeusi ya shaba itoke, na kurudi kwenye fuawe. Kufua, kulainisha, kuosha, kufua tena. Anayetaka waya huuvuta kwenye bamba la chuma lenye matundu yanayopungua, tundu baada ya tundu, akiupaka nta ili upite, na kila baada ya matundu machache huukunja na kuulainisha motoni upya. Waya wa mkufu mmoja mwembamba huenda na nusu siku namna hiyo. Anayelalamika kwamba mkufu wa Lamu ni ghali kuliko ule wa mashine hajawahi kusimama pale akatazama.

Katika vyote wanavyotengeneza masonara wa Lamu, napenda zaidi pete za vigae. Sahani na mabakuli ya kaure yalikuja na jahazi kwa karne nyingi kutoka China, na baadaye viwanda vya Ulaya navyo vikaleta vyake. Vilipangwa kwenye zidaka za nyumba za mawe na kupachikwa kwenye makaburi na misikiti. Vilipovunjika, vipande vilitupwa, vikasombwa na mvua na maji ya bahari, na hadi leo huokotwa mjini na ufukoni: kigae cheupe chenye ua la buluu lililokatika nusu, kipande cha jani, mkia wa ndege. Sonara hukichukua kigae cha namna hiyo na kukivika fedha iliyotoka kwenye kijiko. Taka mbili zinaoana kwenye kidole kimoja.

Kazi yake ni ya taratibu sana. Kigae husagwa kwenye jiwe lenye maji mpaka kingo zake ziwe laini na sehemu ya ua iliyo bora ibaki katikati, na hapo fundi anaamua kama mchoraji: petali hii ibaki, ile itoke. Halafu hukata ukanda mwembamba wa fedha na kuuzungushia kigae ili apate ukuta wake. Hesabu ya pete yenyewe hufanywa kwa kipenyo cha kidole kujumlisha unene wa bati la fedha, mara 22 kwa 7. Kidole cha milimita 17 na fedha ya milimita moja na nusu kinataka ukanda wa milimita 58. Akikosa kwa milimita moja, pete itabana au itazunguka. Kisha huja kulehemu, na hapa ndipo nimeona mafundi wa chuma wenye sifa wakishindwa. Fedha hupitisha joto kuliko metali nyingine yoyote. Huwezi kupasha kiungo peke yake, kwa sababu joto linakimbilia pete nzima. Ni lazima upashe kitu chote kwa pamoja mpaka lehemu, ambayo nayo ni fedha iliyotiwa shaba na zinki kidogo, iyeyuke na kutiririka kwenye ufa. Kati ya joto linaloyeyusha lehemu na joto linaloyeyusha pete kuna nafasi ndogo mno. Lehemu ikikimbia huonekana kama uzi unaong'aa unaopita kwenye kiungo, na mwali huondolewa saa hiyohiyo. Akichelewa, ukuta wa kigae unakunjamana na kazi ya asubuhi nzima inageuka tone.

Kigae hakiingii motoni hata kidogo, kwa kuwa kaure iliyopashwa ghafla hupasuka. Huwekwa mwisho, kila kitu kikiwa kimelehemiwa, kuoshwa na kupigwa msasa. Sonara hukitua ndani ya ukuta wake, hubonyeza ukingo kwa chuma laini upande mmoja, kisha upande unaoukabili, kisha pande mbili za kati, akizunguka hivyo ili kigae kisiegemee. Haharakishi. Hupitisha kucha yake pembeni. Kucha ikinasa popote, hurudi. Pete ikiwa imekamilika, kigae na fedha huguswa kwa kidole kimoja bila kuhisi mpaka.

Hapa nina neno kwa wanunuzi. Kigae kilichookotwa njiani si sawa na kilichochimbuliwa kwenye magofu. Magofu ya Takwa, Shanga, Pate na mengineyo yamo katika ulinzi wa Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006, na kipande kinachong'olewa kwenye kaburi la kale kinaondoka na habari ambayo hakuna pete itakayoirudisha. Ukiambiwa kwa fahari kwamba kigae kimetoka kaburini, usinunue. Vipande vilivyolala vichochoroni vinatosha, na vya sahani iliyovunjika jikoni mwako pia vinatosha.

Turudi mezani. Chini yake kuna ngozi au kitambaa kilichotandazwa magotini mwa fundi, na humo ndimo huanguka kila unga wa tupa na kila kipande cha waya. Jioni hukusanywa. Sumaku hupitishwa ndani yake ili kuondoa chembe za chuma zilizotoka kwenye misumeno, na kilichobaki huenda kwenye kopo. Sakafu hufagiwa kwa ufagio wake maalumu, na takataka zake hazitupwi. Hata msasa uliochakaa huchomwa, majivu yake yakawekwa. Unga uliochanganyika mno hauwezi kuyeyushwa moja kwa moja. Hutiwa kwenye asidi ya nitriki, fedha na shaba zote zinayeyuka humo, na kipande cha shaba kikitumbukizwa kwenye maji hayo, fedha hutoka majini na kujikusanya juu yake ikiwa manyoya ya kijivu. Maji yanabaki ya buluu. Nimeitazama kazi hiyo kwa mshangao wa mtoto, na bado naiona ni moja ya mambo mazuri kabisa yanayoweza kufanyika ndani ya ndoo.

Lakini moshi wa asidi ile ni wa kahawia na unaunguza mapafu, na maji ya buluu ni sumu. Kama tunasema vito hivi havidhuru dunia, basi mapafu ya fundi nayo ni sehemu ya dunia. Kazi ya asidi hufanywa nje, upepo ukiwa mgongoni. Maji yaliyotumika hutiwa magadi mpaka yaache kutoa povu, na hata hapo hayamwagwi kwenye mfereji unaopita mlangoni mwa jirani, kwa sababu shaba imo bado. Na lehemu ya zamani yenye kadmiamu, ambayo mafundi wengi waliipenda kwa kuwa hukimbia vizuri, inafaa iachwe kabisa. Moshi wake hauna harufu ya kumtahadharisha mtu na madhara yake ni makubwa. Sonara anayefungua dirisha na kuvaa kinga ya uso hajapunguza uhodari wake. Vijana wanaojifunza wanapaswa kuonyeshwa hilo tangu siku ya kwanza, pamoja na nyundo.

Kuna jambo moja zaidi linalomtofautisha sonara mkubwa na fundi wa kawaida, nalo ni kujua kitu gani kisiyeyushwe. Nilikuwapo mama mmoja wa makamo alipoingia dukani na kufungua kitambaa chenye jozi ya vikuku vizito vilivyokuwa vya mama yake. Alitaka vivunjwe ili wajukuu wapate herini.

"Mwanangu, vimekaa bure. Hakuna anayevivaa siku hizi."

Fundi alivigeuza kwenye taa, akapitisha kidole kwenye nakshi iliyokatwa kwa mkono, mistari midogo iliyopishana bila kugusana.

"Mama, hivi siviyeyushi. Fedha yake nitakupa thamani sasa hivi, lakini kazi hii siwezi kuirudia, na simjui anayeweza. Hiki kimelegea bawaba tu. Niachie nikitengeneze. Herini za watoto nitatoa kwenye ule mkufu wako uliokatika."

Alipoteza mauzo ya siku kwa maneno hayo, na mama akaondoka na vikuku vyake. Kwa maoni yangu huo ndio ukomo wa kazi yenyewe. Moto unarudisha fedha ikiwa nzima, lakini haurudishi nakshi. Kizazi baada ya kizazi kilivunja vito vya kizazi kilichotangulia, ndiyo maana vya zamani sana ni adimu na vingine tunavikuta kwenye makabati ya Makumbusho ya Lamu tu. Hatuwalaumu, fedha ilikuwa akiba ya nyumba, na akiba hutumika. Sisi tunayo nafasi ya kuchagua zaidi yao. Kisichokuwa na kazi ya mkono ndani yake, kama mkufu wa kiwandani, kijiko kilichopinda au herini moja, kiende motoni kwa moyo mkunjufu. Chenye kazi ya mkono kitengenezwe kwanza.

Kwa hiyo fungua kasha. Usikimbilie kukisafisha kitu kwa dawa kali ya dukani. Tandika karatasi ya alumini ndani ya bakuli, tia magadi na maji ya moto, laza fedha juu yake iguse alumini, na weusi mwingi utaondoka wenyewe. Ila usifanye hivyo kwa kitu chenye nakshi iliyotiwa weusi makusudi, maana nao utaondoka, wala chenye kito usichokijua. Kisha peleka kwa sonara kile kilichokatika. Mwambie ukweli kuhusu kilikopita, hasa kama fundi redio aliwahi kukigusa. Muulize kwanza kama kinaweza kuungwa. Akisema kiyeyushwe, kubalianeni uzito mbele ya mizani, na uelewe kwamba kitapungua kidogo motoni na kwenye tupa. Mlipe ujira wa siku zake, si wa gramu tu. Halafu omba kiti ukae utazame. Ni haki ya mwenye fedha kuiona fedha yake ikiingia kwenye chungu, na sonara anayekukataza usitazame, chukua fedha yako uende kwa mwingine.